Jengo limeandikwa AEG, getini Siemens, imekaaje hii?

mgeni_wa_moabit: Wakuu habari za jioni, nipo Berlin kwa kozi ya miezi mitatu, kila siku basi linanipitisha Huttenstraße na kuna jengo refu la vyuma na vioo, juu usoni kuna nembo ya AEG ila getini ni Siemens Energy. Si AEG ni wale wa mafriji? Mwenyeji wangu anasema ni la kihistoria, mi naona godauni tu

fundi_chuma: Godauni 😂😂 mkuu utapigwa na maakitekti humu. Hicho ni kiwanda cha turbine, yaani mitambo ya kuzungusha jenereta za umeme, kimejengwa 1909, msanifu Peter Behrens na mahesabu ya vyuma alipiga injinia Karl Bernhard. Behrens alianza kama mchoraji wa picha, AEG, kampuni ya Kijerumani ya vifaa vya umeme, wakamchukua 1907 wakamwachia kila kitu, nembo, mabirika, feni, taa mpaka viwanda. Kuhusu Siemens, mwaka 1969 waliunganisha biashara ya mitambo ya umeme na AEG, 1977 AEG akajitoa Siemens akabaki nayo yote. Na friji za siku hizi ni jina tu, AEG yenyewe ilishakufa

binti_ramani: Naongezea, ofisini kwa Behrens walipita Gropius, Mies van der Rohe na Le Corbusier, wale waliokuja kuwa wasanifu majengo maarufu duniani, wakiwa bado vijana, sasa imagine hiyo ofisi! Kesho ukipita angalia upande wa barabarani, kila nguzo chini imekaa kwenye bawaba kubwa la chuma, kaliacha wazi makusudi watu walione. Halafu zile kona nene za mbele zinazoonekana kama ndo zimebeba paa ni geresha, zege jembamba tu, mzigo wote uko kwenye vyuma. Mi hapo huwa namkatalia Behrens, chuma kaonyesha ukweli halafu kona katudanganya

mgeni_wa_moabit: Daah kumbe, nimepita wiki mbili sioni kitu. Naweza kuingia ndani?

fundi_chuma: Hapo sio makumbusho mzee, watu wako kazini wanaunda turbine za gesi. Limelindwa kisheria tangu 1956 lakini kazi haijasimama, hata urefu liliongezwa 1939 kutoka mita kama 123 hadi 207. We shuka kituoni uzunguke kwa nje

binti_ramani: Na bawaba upige picha ututupie hapa