Wagonjwa wananifikia wameshakasirishwa na foleni, niwahudumieje?

MsaidiziMpya:
Habari zenu wakuu. Nimeanza kazi ya kumsaidia daktari kwenye kliniki ya wagonjwa wa nje. Mimi ndiye ninayewaita kutoka kwenye foleni, nawapima uzito, joto na presha, naandika maelezo yao kwenye faili, kisha wanaingia kwa daktari. Kupima najua. Kinachonisumbua ni kwamba siku yenye watu wengi mtu ananifikia amenuna, anajibu kwa mkato, mwingine anafoka kabisa. Daktari naye ananihimiza. Mliokaa kwenye kazi hii, mnafanyaje iende haraka bila mgonjwa kujiona anafukuzwa?

MamaWadi:
Pole na hongera, mdogo wangu. Watu hukasirishwa zaidi na kukaa bila kuambiwa kitu kuliko kukaa kwenyewe. Toka nje mara kwa mara, sema: "Daktari amepata dharura, tumechelewa, poleni." Kama hujui itachukua muda gani, sema hivyo hivyo, usiwatajie dakika za kuwaridhisha. Na ukiwa hapo nje waangalie. Mwenye maumivu ya kifua, anayehema kwa shida, aliyepinda mdomo au kulegea mkono ghafla, huyo hangoji zamu. Mwite muuguzi au daktari saa hiyo hiyo.

Akiingia, jitambulishe, kisha mwombe akutajie mwenyewe jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa. Ukimuuliza "Wewe ndiye fulani?", aliyechoka au asiyesikia vizuri ataitikia jina lolote, na hapo mafaili yameshachanganyika.

Kinachoharibiwa zaidi na haraka ni presha. Mtu aketi kama dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekaa sakafuni bila kupishana, mkono uko juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda uwe wa saizi yake na usifungwe juu ya nguo. Mashine ikisoma, nyamazeni wote wawili. Ukimpima huku anafoka, au huku unamhoji, namba inapanda, na daktari anaweza kumwongezea dawa asiyoihitaji. Mwache apumzike wewe ukiandaa faili lake, mahojiano yaje baadaye. Wengi hasira huwatoka hapo hapo kwenye kiti.

Nahodha77:
Mimi si mhudumu, nampeleka mzazi wangu kliniki. Ombi langu: msiniulize mimi anaumwa wapi, muulizeni yeye. Hasikii vizuri, lakini ukikaa mbele yake akauona mdomo wako, ukaongea polepole, anaelewa vizuri tu. Kumpigia kelele kunamfedhehesha, na walioko nje wote wanajua shida yake. Hata uzito wake hauna haja ya kutangazwa.

BiVipimo:
Nyongeza kwa upande wa damu. Kabla ya kumchoma, muulize kama amewahi kuzimia akitolewa damu. Akisema ndiyo, mlaze. Na usimwambie "haiumi", mwambie atahisi mchomo mfupi, ili siku nyingine akuamini.

MsaidiziMpya:
Asanteni sana, nimepata mengi. Nahodha77, nimekusikia. Swali jingine: wapo wanaotaka niwasomee majibu ya vipimo kabla ya daktari, na nikikataa wanasema nawaficha. Nawajibuje?

MamaWadi:
Usiishie kwenye "siruhusiwi". Mwambie: "Daktari ndiye atakayekueleza maana ya majibu haya. Kama una maswali niambie, nimwandikie asiyasahau." Uyaandike kweli, maana akishaingia mle ndani nusu yake yanampotea.

Akitoka, usimuulize "umeelewa?", karibu kila mtu atasema ndiyo. Mwombe akueleze kwa maneno yake dawa atazimezaje nyumbani. Akikwama au akichanganya, mrudishe kwa daktari kabla hajaondoka, hata kama foleni ni ndefu.