Kikundi cha simu cha familia ya Katuba, Lubumbashi (Kongo): nafasi ya Grâce kujifunza kazi

*Jumatano, jioni*

Mama Régine: Jambo yenu bote. Munajua mutoto wenu Grâce alishapata diplome yake ya mekaniki. Sasa iko papa moja wa Kamalondo, anasema anaweza kumuingiza mu ateliye (karakana) moja ya sudure, ni kusema kulehemu chuma, ajifunze kazi. Analomba dola 200 ya kufungula dosie (faili yake), na anazitaka mbele ya Ijumaa. Miye niko na 60. Nalomba munisaidie.

Yaya Patrick (Kolwezi): Mama, jambo. Grâce mdogo wangu, pongezi sana! Mimi naweza kutuma 80 kesho kwa M-Pesa.

Tantine Solange: Patrick, tafadhali usitume kwanza. Yaya Régine, dada yangu mkubwa, huyo papa ni wa ateliye gani? Ina jina? Uliiona?

Mama Régine: Jina hakusema. Anasema ataisema kisha dosie kufunguliwa.

Tantine Solange: Basi yaya wangu, usimpe hata franga moja. Ateliye ambayo haina jina mbele ya pesa, haitakuwa na jina nyuma ya pesa.

Tantine Solange: Mnajua niko sekretaria kwenye sentri ya ufundi, barua hizi zinapita mikononi mwangu. Ngoja niandike pole pole.

Tonton Dieudonné: Andika, tunasoma. Huyo wa Kamalondo nilishasikia habari yake. Alimchukulia jirani yangu pesa, kisha simu ikazimwa.

Tantine Solange: Njia yenyewe ni hii. Grâce anakuja kujiandikisha sentrini kwa sudure. Ada inalipwa kwenye kase, dirisha la malipo, na anapewa risiti yenye muhuri, si mkononi mwa mtu. Anapita mtihani mdogo wa kuingia: vipimo, sehemu za hesabu, kusoma mchoro. Akipita, anasoma nadharia na mazoezi kwetu, na sentri yenyewe inaandika barua ya kumuombea nafasi kwenye kampuni. Barua ina kichwa cha sentri, jina lake, ufundi anaojifunza, miezi mingapi, na sahihi ya mkuu wa masomo. Unatoka na kopi mbili. Moja inabaki kwenye kampuni, nyingine wanaipigia muhuri na tarehe, unairudisha nyumbani. Hiyo kopi yenye muhuri ndiyo ushahidi wako kwamba barua ilifika. Wiki mbili zikipita unarudi nayo, unauliza kwa heshima. Mtu asiye na hiyo kopi, mlinzi wa mlango anamwambia "barua haikuonekana," na mambo yanaishia hapo.

Yaya Patrick (Kolwezi): Na INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi?

Tantine Solange: INPP pia ni mlango mzuri, na sisi hatushindani nao. Iko tangu 1964. Waajiri wanalazimika kuichangia asilimia ya mishahara wanayolipa, wadogo asilimia kubwa zaidi kuliko wakubwa. Yaani kampuni zetu zinalipia mafunzo ya watu hata kama hazijui watoto wetu. Pale Lubumbashi Wajapani walisaidia majengo na mashini. Grâce aende kuuliza huko pia, aandike tarehe za kujiandikisha ukutani. Mtoto asitegemee mlango mmoja.

Grâce: Aksanti Tantine. Nitaenda kesho milango yote miwili.

Mama Régine: Lakini Solange, sudure kwa mutoto mwanamuke? Macho yake? Na mikono?

Tonton Dieudonné: Yaya, niachie hiyo. Kwetu, kwenye kampuni yangu ya barabara ya Likasi, mshono wa bomba unapigwa picha ya radiografia. Ukiwa na tundu ndani, unakatwa na kurudiwa. Fundi ambaye mishono yake haikatwi ni mama mmoja wa Kampemba. Mkuu wa ateliye anampa bomba za inoksi, chuma kisichoshika kutu, si kwa sababu anamuonea huruma.

Tonton Dieudonné: Lakini macho ni kweli, usinyamaze juu yake. Mwanga wa arki, ule moto wa umeme wa sudure, unachoma jicho bila kusikia chochote pale pale. Usiku ndipo unasikia kama mchanga umeingia. Kwa kazi ya kawaida anahitaji kioo cha namba 10 au 11, si miwani ya jua kama wale vijana wanaosudé mageti kando ya barabara kwenye komuni ya Kenya hapa Lubumbashi. Na bati la galva, lile lililopakwa zinki, moshi wake unaleta homa ya jioni. Watu wanasema kunywa maziwa. Maziwa hayazuii. Unasafisha zinki mahali pa kuchoma, unafungua madirisha, na unavaa masiki ya moshi.

Mama Régine: Sawa. Nimesikia. Bado naogopa kidogo.

Kambo *(babu; sauti, ameandikiwa na Junior):* Régine mwanangu. Mimi nilijifunza ufundi Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, kwenye shule yake yenyewe. Wakati ule kampuni ilikuwa inakuchukua kijana, inakuweka na fundi mzee, na fundi huyo alikuwa anaulizwa juu yako kila mwisho wa mwezi. Mutoto alikuwa na mtu wa kumjibia. Mutafutie Grâce mtu wa kumjibia. Hiyo tu ndiyo nasema.

Tantine Solange: Papa, hivyo ndivyo. Nitairudia hiyo tukifika kwenye mkataba.

*Ijumaa, mchana*

Grâce: Tantine, nilijiandikisha. Risiti iko. Sasa wanataka barua yangu mwenyewe, ya kueleza kwa nini. Niliandika kwa Kifaransa, lakini hapa nasema maana yake: "Nina heshima kuomba nafasi kwenye kampuni yenu yenye sifa. Mimi ni kijana mwenye bidii, niko tayari kufanya kazi yoyote mtakayonipa."

Tonton Dieudonné: Grâce, nisamehe niseme wazi. Barua kama hiyo zinajaa kwenye meza yetu. "Kazi yoyote." Mtu wa kazi yoyote hatujui tumuweke wapi, na mara nyingi tunamuweka kwenye ufagio. Andika ulichokifanya. Ulisoma mekaniki miaka mingapi? Ulishika mashini gani?

Grâce: Miaka 4 ya section, Tonton. Tulitumia tour (mashini ya kuchonga chuma) moja tu, ingine ilikuwa imekufa. Lakini najua pie-a-kulise, kile kipimo cha chuma cha kuteleza, najua kusoma mchoro, na mwaka wa mwisho tulitengeneza meza ya chuma. Miguu niliikata mimi.

Tonton Dieudonné: Hiyo! Andika meza. Andika ulikata miguu kwa kipimo gani, ilisimama sawa au ilicheza. Mkuu wa ateliye akisoma hivyo atainua kichwa.

Tantine Solange: Na useme unataka ujifunze nini hasa: sudure ya arki, kuanzia kuchoma bapa, chuma kimelala, kisha wima, kisha juu ya kichwa. Barua isipite ukurasa mmoja. Dosie nayo iwe kamili: CV, kopi ya diplome na ya bilten (karatasi ya alama za shule), kopi ya karte ya elektere (kadi ya mpiga kura), attestation ya maisha mema na tabia kutoka komuni, na picha ndogo. Kopi za kila kitu zibaki nyumbani. Kila karatasi usiyokuwa nayo ni safari nyingine kutoka Katuba.

Yaya Patrick (Kolwezi): Hapa Kolwezi migodi mikubwa inakataa watu wengi, kila mtu anaandika huko huko. Aanzie wapi?

Tonton Dieudonné: Kampuni ndogo na za kati. Sheria ya 2017 juu ya kazi za ukandarasi mdogo, sous-traitance, inazitenga kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani. Kwa hiyo kutengeneza matangi, nguzo, ngazi, mabomba ya migodi, sehemu kubwa inapita kwenye ateliye za hapa Lubumbashi. Kampuni ya watu 20 ina fundi anayeona kijana kila siku. Kule kwenye mgodi mkubwa Grâce angekaa na beji shingoni, na bageti, ile fimbo ya kuchomea, hangeishika.

Mama Régine: Dieudonné, kwako hakuna nafasi?

Tonton Dieudonné: Iko, yaya. Lakini nataka apite mlango wa sentri kama batoto wa watu wengine. Barua ikifika na muhuri wa sentri, nitaipeleka kwa mkuu wa ateliye na kusema "huyu ni mpwa wangu, mumjaribu kama wote." Akishindwa mtihani, sitasema neno. Akipita, hakuna atakayesema aliingia kwa mgongo wangu.

Grâce: Tonton, hivyo ndivyo nataka.

*Wiki iliyofuata, Jumanne*

Grâce: Nilipita!!! Mtihani wa sentri, na leo ateliye ya Tonton walinijaribu. Walinipa vipande viwili vya chuma nivipime na kuvikata kwa digri 45. Nilitetemeka lakini vilikutana.

Mama Régine: Mungu ni mwema! Nalia hapa sokoni, watu wananiangalia.

Kambo *(sauti):* Vizuri sana mjukuu wangu. Vizuri sana.

Grâce: Wamenipa mkataba niusaini kesho. Natuma picha.

Tantine Solange: Usisaini kesho. Leta leo niusome.

Tantine Solange: Nimesoma. Sikilizeni wote, kwa sababu hii itawafaa wengine pia. Sheria ya kazi ya 2002, nambari 015/2002, ina sehemu nzima juu ya mkataba wa kujifunza kazi. Anayefundisha anajifunga kutoa mafunzo kamili, yenye mpango. Anayejifunza anajifunga kufuata maagizo na kufanya kazi anazopewa kwa ajili ya kujifunza. Sasa mkataba wa Grâce umeandikwa "atafanya kazi mbalimbali za ateliye." Hiyo ni mbaya. Kwa maneno hayo, mwaka mzima anaweza kununua mikate na kufagia, na mkataba hautakuwa umevunjwa.

Tonton Dieudonné: Kweli. Hiyo karatasi walikopi kutoka kwa mikataba ya watu wa mkono, vibarua. Si ubaya wao, ni mazoea. Nitamuona mkuu.

Tantine Solange: Mwambie tuandike hivi: ufundi ni sudure ya arki. Jina la fundi anayemfundisha liwe ndani, Papa alisema mtu wa kumjibia. Hatua za mafunzo na miezi yake. Siku za kuja sentrini kwa nadharia, ili wasimzuie. Pesa ya usafiri. Vifaa vya usalama nani anatoa. Na ajali ikitokea, nani analipa hospitali. Hiyo ya mwisho watu wanaona haya kuiuliza, kama kwamba unaomba mabaya. Uliza tu. Chuma ni chuma.

Yaya Patrick (Kolwezi): Na wakikataa?

Tantine Solange: Sentri itaongea nao, kazi yetu ndiyo hiyo. Kwa hiyo ni bora mtoto apite kwetu kuliko kupita kwa mtu wa Kamalondo: yuko mtu wa kubisha mlango pamoja naye.

*Alhamisi*

Tonton Dieudonné: Wamekubali yote. Usafiri watatoa kila juma, si kila mwezi, niliwaambia msichana hawezi kutembea kutoka Katuba mpaka barabara ya Likasi. Salopeti (ovaroli) na masiki ni za kampuni. Viatu ni vyetu.

Yaya Patrick (Kolwezi): Viatu ni vyangu. Grâce, namba yako?

Grâce: 39, yaya. Aksanti sana. Nimesaini leo mbele ya Tantine. Kopi moja kampuni, moja sentri, moja yangu.

Mama Régine: Aksanti familia. Solange, Dieudonné, Mungu abariki mikono yenu.

Junior: Tantine, na mimi? Niko section ya électricité, sijamaliza. Nilombe staji wakati gani?

Tantine Solange: Sasa, mwanangu, usingoje diplome. Staji za likizo, yaani mafunzo kwenye kampuni, zinaombwa mapema, na wanaokuja mwezi wa mwisho wanakuta nafasi zimekwisha. Njoo Jumatano na bilten yako ya mwaka jana, ofisi yetu inafunguliwa saa mbili ya asubuhi. Na uandike leo usiku kile ulichokifanya kwa mikono yako mwenyewe, hata ikiwa ni taa moja ya kwa Kambo.

Junior: Nilitengeneza disjonkteri, ile swichi ya kukata umeme, ya kwa Mama Régine.

Tonton Dieudonné: Anza na hiyo.