Yule fundi kanipasulia mpira mpya wa gia kwa WEMBE huku namwangalia!

Mzee_wa_Machungwa:

Wakuu, leo sisalimii mtu. Natoka pale kwa yule fundi sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Jina sitaji, maana hapa Tanga hakuna mwenye pikapu asiyemjua. Mwenye redio inayosikika hadi Pemba. Huyo huyo.

Gari langu mnalijua, Hilux LN106, injini ya dizeli aina ya 3L, gia tano na ile liva ndogo ya 4x4 pembeni. Mpira unaofunika shina la gia liva ulishakwisha, mikunjo yote imepasuka, nikiingiza gia ya pili naona barabara inapita chini. Msimu wa machungwa, ukiingia njia za mashambani Muheza, linaingia vumbi la kupanda mihogo juu ya dashibodi. Joto la gia boksi linapanda moja kwa moja mguuni, na moshi wa eksozi haupigi hodi. Mke wangu kagoma kupanda, anasema bora boda.

Nikatafuta mpira mpya. Nikauagiza Gerezani, Dar, ukaja kwa basi. Mpira laini, mikunjo imekaa sawasawa, bado una harufu ya dukani. Nikampelekea mkononi, umefungwa kwenye nailoni yake.

Ndugu zangu, yule mtu hakugusa hata kichwa cha gia. Kichwa kinafunguka kwa mkono! Unakizungusha kinyume cha saa kinatoka, unafungua skrubu za ile ringi ya chuma pale sakafuni, unavua mpira wa zamani kwa juu, unavisha mpya, unarudishia. Mtoto wa darasa la pili anaweza. Yeye akatoa wembe mfukoni. Akaupasua mpira wangu kutoka juu mpaka chini, chwaaa, akauzungushia kwenye liva huku anatafuna muhogo, kisha akamwita dogo alete supa glu.

Nikamuuliza, fundi unafanya nini? Hata kichwa hakuinua.

"Mzee, gari lenyewe la zamani, namba A, kwani unalipeleka harusini?"

Vijana wote wakacheka. Hadi yule wa kujaza upepo, ambaye hayamhusu kabisa!

Wembe, wakuu. Nimeuona ule mpasuko unafunguka, ndani mpira ni mweusi unang'aa, haujawahi kuguswa na vumbi hata siku moja. Halafu supa glu! Supa glu inakauka ngumu, na liva inauvuta mpira kila upande kutwa nzima, kwanza mpaka tano mpaka rivasi. Sijafika hata Kange, mpasuko uko wazi, vumbi linaingia.

Na hela ya ufundi kachukua yote. Kachukua na kuihesabu mbele yangu.

Binti_Ngamiani:

Hahahaa hiyo "chwaaa" imenimaliza. Pole baba. Huyo huyo alinimwagia mafuta mapya ya gia boksi akasahau kukaza nati ya chini. Nimechora mstari wa mafuta kutoka Ngamiani hadi Raskazone, watu wakadhani watu wa jiji wanapima barabara.

Dereva_Canter:

Mkuu uzi mzima kwa ajili ya kipande cha mpira? Vika soksi. Canter yangu ina soksi ya shule tangu enzi za Mkapa na mzigo unafika.

Mzee_wa_Machungwa:

Soksi inazuia vumbi? Soksi inazuia moshi? Na sizungumzii soksi, nazungumzia mpira MPYA uliokatwa kwa wembe mbele ya mwenye mali! Angeniambia hajui kufungua kichwa cha gia ningekifungua mwenyewe!

Dereva_Canter:

Kumbe unajua kufungua, sasa ulimpelekea wa nini? 😂

Mzee_wa_Machungwa:

Nilimpelekea kwa sababu ni FUNDI!

Spana_Kumi:

Tuache utani kidogo. Chini ya huo mpira wa juu kuna mwingine mdogo, unabana pale liva inapoingia kwenye gia boksi. Huo wa chini ukichanika, vumbi na maji vinaingia kwenye maungio ya liva. Je, aliutazama? Najua hakuutazama. Na ile bushi, kipete cha plastiki kwenye ncha ya liva kinachoizuia isicheze? Kwenye Toyota hizo za zamani unabonyeza kikombe cha liva chini, unakizungusha kinyume cha saa, liva yote inatoka mkononi, bushi unaiona. Kazi ndogo ukiwa umeshafungua. Mpira mpya ukikaza, paka maji ya sabuni utateleza wenyewe. Usipake grisi, inaulainisha mpira mpaka unaoza.

Halafu moshi kuingia ndani si jambo la kucheka. Kakague eksozi kama inavuja. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, unasikia usingizi tu ukiwa kwenye usukani.

Mama_Twiga:

Bushi! Spana_Kumi umenitonesha. Liva yangu inacheza mpaka abiria anaomba radhi ikimgusa goti. Natafuta gia ya tatu napata ya tano. Nikaenda kwa yule muuza spea, mnamjua, mwenye viti vya plastiki mlangoni, kaniapia bushi ni orijino ya Japani. Imemeguka kabla sijatoka mtaa huo. Narudi, ananiambia "dada unaingiza gia kwa hasira."

Binti_Ngamiani:

Mwenye viti vya plastiki! Aliniuzia kichujio cha dizeli kilichotumika, kimeoshwa na kupakwa rangi. Nimefika nyumbani rangi iko viganjani.

Mzee_wa_Machungwa:

Jamani tuko kwenye wembe. Mtu anatoa wembe mfukoni, anapasua mali ya mtu, halafu anauliza habari za harusi. Hivi LN106 si gari? Kizazi hicho kilianza kutoka 1988 na bado kinapanda milima ya Lushoto na mzigo. Yeye gari lake liko wapi?

Chuma_Chakavu:

Unaliuza? Kama 3L haijaguswa njoo inbox.

Mzee_wa_Machungwa:

SIUZI.

Chuma_Chakavu:

Hata likiwa na mpira uliopasuka nachukua.

Kijana_wa_Pongwe:

Mzee una bahati umepata wembe. Mimi fundi rangi kanipulizia gari siku ya upepo, uani, karibu na banda la kuku. Boneti yote ina manyoya. Nikiliosha yanasimama.

Binti_Ngamiani:

Nakufa mimi 😂😂 picha tafadhali.

Dereva_Canter:

Fundi umeme wangu kaunganisha nyaya, sasa nikipiga honi wipa zinafanya kazi. Trafiki alinisimamisha akaniuliza mvua iko wapi.

Spana_Kumi:

@Kijana_wa_Pongwe hayo manyoya usikwangue kwa kisu. Msasa wa maji, taratibu, upige rangi upya.

Mama_Twiga:

Kuku wa kienyeji au wa kisasa?

Kijana_wa_Pongwe:

Wa kisasa, meupe. Gari ni jeusi.

Mzee_wa_Machungwa:

NARUDIA. Mpira mpya. Kichwa cha gia kinafunguka kwa MKONO. Na yeye akatoa...

Dereva_Canter:

Mzee subiri kwanza tumalize la kuku.

Mama_Twiga:

Na mnaofuga kuku, hivi yule wa chakula cha kuku pale sokoni naye vipi? Kanichanganyia pumba na vumbi la mbao, kuku wangu wameacha kutaga kabisa.

Binti_Ngamiani:

Yule mwenye mzani uliofungwa kamba? Usiniambie! Mimi kaniuzia mfuko una mawe chini. Ngoja nifungue uzi wake.