Naomba ushauri: matunda ya jioni kwa mama asiyepata usingizi

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na wengine nawasalimu kwa heshima. Ninaishi Chumbageni, Tanga, pamoja na mama yangu mwenye umri wa miaka 67, ambaye kwa miezi miwili sasa huamka saa nane za usiku na kukaa macho hadi adhana ya alfajiri, jambo linaloniumiza sana. Chai ya rangi ya jioni, aliyoizoea tangu ujana wake, tumeiondoa, na nafuu ilikuwa ndogo. Kwa kuwa ndizi zina potasiamu na magnesi, madini ambayo misuli huyahitaji, nimekuwa nikimpikia ndizi mbivu kwa tui la nazi na iliki, bila sukari, naye huzila saa tatu usiku. Hulala upesi zaidi, lakini tumbo humjaa. Machungwa ya Muheza, anayoyapenda mno, yalimletea kiungulia. Daktari alimpima mwezi uliopita, na hana kisukari wala ugonjwa wa figo.

Je, ni vyema ale muda gani kabla ya kulala ili tumbo lisimsumbue? Na je, kipande cha papai bivu kingemfaa kuliko ndizi hizo, au tui ndilo la kupunguza?