Tupeane uzoefu: yule unayemwamini na pesa zako, mlifikaje hapo?

Wadau, habari za jioni.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana, cha akina mama hapa Morogoro. Kikundi kikivunjika utasikia watu wanasema "hawakuwa waaminifu", na habari inaishia hapo. Visa vya kutapeliwa tunavyo vingi, kila mtu ana chake. Ninachokitafuta leo ni kile tusichokisimulia: yupo mtu unayemwachia pesa, duka, gari au nyumba na unalala usingizi. Mlianzaje? Alifanya nini hata moyo ukatulia?

Naanza mimi. Sanduku letu la chuma lina kufuli tatu. Funguo wanazo wanachama watatu ambao si viongozi, kila mmoja na wake, na mimi ninayelala na sanduku chumbani sina hata mmoja. Siku ya kikao pesa zinamwagwa mkekani katikati ya watu, wahesabu wawili wanahesabu kwa sauti, na kila mtu anagongewa mihuri ya hisa zake kwenye kitabu chake akiwa anaangalia. Kabla ya kufunga, katibu anasoma salio mara mbili, kila mmoja anaondoka nalo kichwani. Kikao kinachofuata, kufuli haijaguswa, mwenyekiti anamchagua yeyote tu: "Tulifunga na shilingi ngapi?" Tuna bibi mmoja hajui kusoma wala kuandika. Hajawahi kukosea hata mia.

Mtindo huu wa kuweka na kukopeshana ulianzia kwa akina mama wa Niger mwaka 1991, shirika la CARE likiwasaidia, ukatembea mpaka vijijini kwetu. Na tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi kama vyetu vinatakiwa visajiliwe. Usajili ni mzuri, tunao. Ila ninaloliona mimi ni kwamba akina mama wanaongea na mimi vizuri, wananiachia watoto, wananiambia shida zao, kwa sababu hakuna siku hata moja ambayo yeyote alilazimika kujiuliza kama nimechukua. Swali lenyewe halipati nafasi.

Karibuni.

*Dereva, Mbagala*

Mama umenigusa. Mimi naendesha daladala ya mtu, na daladala ni kazi ya kushukiana kuanzia asubuhi. Tajiri anajua abiria walikuwepo, wewe unajua kulikuwa na foleni na trafiki, jioni mnaanza kuvutana kuhusu hesabu.

Kwa huyu tajiri wangu nilijiwekea mambo mawili. La kwanza, siku ikiwa mbaya nampigia mchana. Gari limezimika saa tano, simu saa tano, sisubiri saa tatu usiku nikampe hesabu pungufu pamoja na hadithi. Taarifa ya mchana anaweza kuja kujionea mwenyewe. Ya usiku inabaki kuwa neno langu tu. La pili ni spea. Nikibadilisha bushi au breki pedi, ile mbovu naiweka kwenye kiroba chini ya kiti, jioni namkabidhi pamoja na risiti. Mwanzoni alikuwa anazigeuzageuza kwenye taa, anaangalia zilivyolika. Ikafika siku akasema, "Kijana, hivi vyuma vinanijazia uwani, katupe." Tangu hapo gari likiharibika napeleka gereji kwanza, namwambia baadaye, na hajawahi kuniuliza mara mbili. Konda wangu naye namfanyia hivyo hivyo: akiumwa nikaweka deiwaka, yaani mtu wa kumshikia siku hiyo, namwambia alichopata deiwaka siku hiyo, akirudi asihisi amezungukwa.

*Dada wa Tanga, niko Muscat*

Nafanya kazi za ndani huku. Nyumba yangu ya kwanza kujenga huko nyumbani, nilimtumia pesa ndugu wa damu, nikawa napokea picha za msingi. Niliporudi likizo, ule msingi ulikuwa wa mtu mwingine. Sitaki kusema zaidi, ni ndugu yangu na mama bado yu hai.

Sasa najenga kwa mkono wa mdogo wangu wa kike. Nilianza na kidogo sana, pesa ya kufyeka kiwanja na ya tripu ya mchanga. Alinitumia picha ya mchanga ukishushwa, na chenji akairudisha kwenye simu. Elfu nne na kitu! Nilimwambia abaki nayo, akakataa. Siku hizi fundi akitaka saruji, mdogo wangu anahesabu mifuko ikishuka, na jioni anahesabu mifuko mitupu kabla fundi hajaondoka. Hilo mimi sikumwagiza. Na kila mwezi namtumia ya kwake, mbali na ya ujenzi, kwa sababu anapigwa jua na kuchosha miguu yake. Jamani tuliopo nje, ukimwachia mtu mamilioni ya saruji wakati yeye hana hata ya unga, unamweka pabaya.

*Mwalimu, Dodoma*

Langu ni la ndani ya ndoa. Mume wangu aliwahi kuchukua mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa, bila mimi kujua. Aliniambia mwenyewe, usiku, taa zimezimwa. Nilikuwa na maneno mengi sana mdomoni. Nikamuuliza tu, "Wanadai lini?" Tukawasha taa, tukachukua karatasi, tukapanga marejesho.

Tangu siku ile ananiambia mambo yakiwa bado madogo. Naamini ningepiga kelele usiku ule, la pili ningelisikia kwa wadai wakiwa mlangoni.

*Mdau, Pemba*

Nawasoma wote na nawaheshimu, lakini mimi sikubaliani. Mimi na jirani yangu tuna duka la pamoja tangu tukiwa vijana, hatujapata kuandikiana karatasi. Akija kuchukua mchele kwa ajili ya nyumbani kwake, anachukua. Mtu ukishaanza kumhesabia mifuko mitupu, si umeshamshuku?

*Mweka hazina, Morogoro*

Kaka yangu wa Pemba, nyinyi wawili mmetazamana miaka yote hiyo, dukani na msikitini. Karatasi yenu ni hiyo. Sisi kikundini tuna wageni waliohamia juzi, na tuna wajane ambao akiba yao yote iko mle ndani. Siwezi kuwaambia wanisubiri miaka ishirini ndipo waniamini. Halafu niulize, Mungu awape umri: watoto wenu wakirithi duka, nao watajua mchele wa nani ni upi?

*Mdau, Pemba*

Hilo la watoto nitazungumza naye.

*Mama wa mboga, Nairobi*

Huku kwetu ni chama: tunachanga, kila mmoja anapokea kwa zamu. Mwenzetu mmoja alipokea zamu ya mapema kisha simu ikawa mteja. Miezi ikapita. Akarudi, akasimama mbele yetu, akasema mtoto alilazwa na pesa zikaisha, na aibu ikamfungia nyumbani. Wengine walitaka afukuzwe. Tukakubaliana alipe deni kidogo kidogo kila Jumamosi, na mzunguko mpya apewe nambari ya mwisho, awe anachangia wenzake wote kabla ya kushika chake. Jumamosi zingine alileta shilingi mia pekee, lakini alileta yeye mwenyewe, kwa mkono, hakutuma mtoto. Zamu yake ilipofika hakuna aliyechelewesha mchango. Mwaka huu tumempa daftari la michango alishike yeye.