KIFURUSHI CHA MAMA YANGU WAMEKITIA KWENYE PIPA LA TAKA NA PICHA WAMENITUMIA

Mmatumbi wa Coventry (mleta mada)

Wakuu, salamu baadaye. Mikono inatetemeka.

Wale jamaa. Mnawajua. Sina haja ya kuwataja, kila aliyekaa Uingereza hii akasubiri mzigo keshawajua, na asiyewajua basi Mungu anampenda sana. Leo wamechukua kifurushi cha mama yangu mzazi, kimetoka Dar es Salaam, kimepanda ndege, kimekaa forodhani kikakaguliwa mpaka mshono wa kanga, kimefika salama Coventry, kimefika mtaani kwangu, kimefika MLANGONI kwangu, halafu wakakitia kwenye pipa.

Pipa la taka. Sijasema kando ya pipa. Sijasema nyuma ya pipa. NDANI.

Na leo ndiyo siku ya gari la taka.

Ngoja nipumue kidogo.

Haya. Mimi nilikuwa NYUMBANI. Nafanya zamu za usiku, asubuhi nimerudi, nimekaa sebuleni na chai yangu, mlango uko hapa na mimi niko hapa. Hodi hakuna. Kengele hakuna. Nasikia simu tu inaunguruma mezani: "Kifurushi chako kimefika. Kimeachwa mahali salama." Nikafungua picha. Wakuu, ile picha nitazikwa nayo. Mfuniko wa pipa umenyanyuliwa na mkono, glovu imetoboka kwenye kidole gumba, na mle ndani boksi la mama limelala juu ya maganda ya ndizi, mwandiko wake unasomeka kabisa, "KWA MWANANGU". Yaani huyu bwana alikuwa na muda wa kufunua pipa, akaweka, akarudi nyuma hatua, akapiga picha ambayo haijatikisika hata kidogo. Kugonga mlango, muda hana.

Nimetoka na kandambili. Pipa jeupe, limeshamwagwa, linanukia iliki. Gari lile kwenye kona. Nikalikimbiza. Mzee jirani yangu akanipungia mkono na kunipongeza, anadhani nimeanza mazoezi.

Na kinachonichoma roho zaidi, mzigo ule nimeulipia. Zawadi ikishazidi pauni 39 huku unalipa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 20, na wenyewe wanaongeza ada yao eti ya kushughulikia. Mama na ulokole wake kaijaza fomu ya forodha kila kitu kwa haki: vitenge, kanga doti mbili, ubuyu, dagaa, iliki, mpaka thamani ya upawa wa mbao. Wenzake huandika "nguo zilizotumika" maisha yanaendelea. Nikalipa. Kwa hiyo mimi nimelipa kodi ya mzigo kwenda dampo.

Nimepiga simu. Inapokea mashine, inaniambia nieleze shida yangu kwa maneno machache. Nikasema: PIPA. Ikanijibu: "Umesema unataka kubadilisha anwani." Nikarudia, PIPA! Ikanitumia kiungo cha kubadilisha anwani. Nimekuja kumpata binadamu chai imeshaganda, ananiambia mfumo unaonyesha mteja amepokea. Nikamuuliza, mteja ni pipa? Akasema je, kuna jambo lingine la kukusaidia leo.

Picha amepiga lakini. Picha safi kabisa.

Karibuni. Matusi yote yaende kwao.

Kashata na Kahawa

Nimekaa paleee. Huu uzi una dalili njema.

Mzee wa Ushahidi

Picha iko wapi mkuu? Uzi bila picha ni chai.

Mmatumbi wa Coventry

Picha ina namba ya nyumba yangu, niiweke humu mje mnikope?

Mzee wa Ushahidi

Basi ni chai. Tena haina sukari.

Binti Chumbageni

Pole sana kaka yangu. Mama umeshamwambia lakini?

Mmatumbi wa Coventry

Namwambiaje dada? Kapiga saa hizi anauliza kama ubuyu umefika bila kumwagika. Nimemwambia umefika. Akaniambia nionje nimpe majibu. Nimemwambia mtamu.

Kashata na Kahawa

😂😂😂 Anadanganya mama kwa niaba ya pipa.

Fitina Kavu

Mimi niko upande wa dereva. Wameandika mahali salama. Umewahi kusikia mtu kaibiwa kwenye pipa la taka? Hakuna mwizi anayefunua pipa. Kijana wa watu kawaza mbali, nyie mnamtukana.

Karani Mstaafu

Ndugu mleta mada, nimekaa kaunta ya posta miaka mingi kabla sijastaafu, tulia nikuelekeze. Namba ya ufuatiliaji inaanza na herufi gani? Zinakuwa herufi mbili, tarakimu tisa, halafu TZ mwishoni kwa mizigo iliyotoka kwetu. Ikianza na E hiyo ni ya haraka, EMS. Ikianza na R ni rejista. C ni kifurushi cha kawaida. Nakuuliza kwa sababu fidia zao hazilingani. La pili, madai ya mzigo uliopotea kwa kawaida hufunguliwa na aliyetuma, kule alikotumia, akiwa na risiti yake, kabla miezi sita haijapita. Kwa hiyo mama aende na risiti posta aliyotumia, ajaze fomu ya ulizo, na posta ya Tanzania ndiyo itawaandikia wa huko.

Mmatumbi wa Coventry

Mzee wangu shikamoo. Nimekuelewa, ila hebu sikia unachoniambia. Mama yangu, mwenye magoti yale, apande daladala kutoka Mbagala aende dirishani, aseme naomba kuulizia pipa la Coventry?

Karani Mstaafu

Marahaba. Ndiyo utaratibu, mwanangu. Na asiseme pipa, aseme "haukumfikia mlengwa".

Wakili wa Kijiweni

Uingereza wana Sheria ya Haki za Walaji ya 2015. Ukinunua kitu mtandaoni, mpaka kikufike mkononi hasara ni ya muuzaji. Kwa hiyo hutakiwi kugombana na dereva hata kidogo, unambana aliyekuuzia. Tatizo la ndugu yetu ni kwamba hakununua, kaletewa na mama. Labda amshtaki mama.

Fitina Kavu

Amshtaki. Mahakama ikiuliza anwani ya mlalamikaji aseme pipa la pili kushoto.

Ngosha wa Hamburg

Nyie wa Uingereza mnadekezwa. Angalau boksi limefika kwenye pipa LAKO. Huku Ujerumani majengo mengi milango ya ndani haina namba, postamani anasoma jina kwenye kengele na kwenye sanduku la barua. Jina lisipokuwepo, hata uwe umesimama naye uso kwa uso, barua inarudi ilikotoka. Mimi nilipofika nilikuwa nimepanga kachumba kwa bibi mmoja, hataki jina langu kwenye sanduku lake, anasema linaharibu mpangilio. Sasa namba ya kodi ya huku huja kwa barua. Hujaipata, mwajiri anakukata kodi ya daraja la juu kabisa. Nimekatwa mshahara mpaka nikaanza kuota makato. Siku moja nikaandika jina langu kwenye plasta ya kidonda nikabandika usiku. Asubuhi kaibandua. Nikabandika tena. Tumeendeshana na yule bibi msimu mzima wa baridi.

Binti Chumbageni

Plasta ya kidonda 😂 pole.

Ngosha wa Hamburg

Bado sijasema vifurushi. Ukiwa haupo wanampa jirani YEYOTE, wanakuachia kikaratasi chenye jina lake kwa mwandiko wa daktari. Unapanda ngazi unagonga mlango mmoja mmoja, "samahani, wewe ndiye Schm... Schr... Schw?" Kuna mama wa ghorofa ya nne anapokea mizigo ya jengo zima halafu hafungui mlango. Sijui anaifanyia nini. Labda anatukusanyia mahari.

Yakhe wa Maskati

Yakhe nyinyi wote mnadeka tu wallahi. Huku Oman barua haziletwi nyumbani, mna masanduku ya posta, huna sanduku basi unaandikia la tajiri yako kazini, na barua yako ya mapenzi inafunguliwa na karani wa ofisi. Ukiagizia kwa hawa wa vifurushi, dereva anakupigia: "Weye uko wapi?" Unamwambia mtaa, namba ya njia, namba ya nyumba. Kimya. "Nitumie lokesheni." Unamtumia. Anapiga tena: "Hii lokesheni ni wapi?" Jua la Juni linakuchapa, umesimama barabarani na kofia mkononi unaipunga, na gari unaiona ile inapita upande wa pili inakwenda zake. Jioni ujumbe: mteja hakupatikana. Miye! Hakupatikana! Nimesimama hapo mpaka paka wa mtaa kaja kukaa kivulini mwangu.

Mmatumbi wa Coventry

Sawa wakuu, poleni, lakini turudi kwenye PIPA. Mkono wake unaonekana. Glovu ina tundu. Wanaweza kumtambua!

Mtu wa Minnesota

Boss, wacha niseme ya huku Marekani. Nyinyi mnalia pipa, huku wezi wanafuata gari ya vifurushi nyuma nyuma, ikiacha mzigo kibarazani wao wanachukua, hawana hata haraka. Na tangu Agosti 2025 ule msamaha wa mizigo ya chini ya dola 800 kuingia bila ushuru umefutwa. Imebaki zawadi ya mpaka dola 100. Posta za nchi nyingi zikasimamisha kabisa kutuma vifurushi huku kwa muda zikisubiri kuelewa nani atalipa na vipi. Shosho yangu alikuwa amenifungia njugu na mnazi... hiyo boksi ilirudishwa Mombasa. Njugu zikaliwa na binamu. Amenitumia picha akizila.

Fitina Kavu

Naona leo kila mtu ana picha isipokuwa mleta mada.

Mkazi wa Goba

Mnasahau kwetu. Tumewekewa vibao vya anwani za makazi tangu ile operesheni ya 2022, mlangoni kwangu kuna namba, barabarani kuna jina, na postikodi ninayo. Bodaboda akileta mzigo anauliza: "Nyumba yenye kibao hicho iko karibu na duka la mangi gani?"

Wakili wa Kijiweni

Na ukimwambia karibu na msikiti anauliza ule mpya au ule wenye mwembe.

Mmatumbi wa Coventry

Huku postikodi moja ina wastani wa nyumba kumi na tano tu. Kumi na tano! Amekwepa milango yote kumi na tano akalichagua pipa. Hamuoni kwamba huyu alidhamiria?

Binti Chumbageni

Kaka samahani, dagaa walikuwa wa wapi? Maana nasikia dagaa kutuma Ulaya ni marufuku, pengine hao jamaa waliona bora watupe.

Ngosha wa Hamburg

Si kweli. Kinachokatazwa ni nyama na maziwa. Samaki kwa matumizi yako mwenyewe, huku Umoja wa Ulaya, unaruhusiwa mpaka kilo 20. Mimi naletewa kila mwaka. Samli ndiyo wanachukua, usijaribu samli.

Binti Chumbageni

Samli ya Tanga wanaichukua? Hao hawana hofu ya Mungu.

Ngosha wa Hamburg

Wa Mwanza wanafika vizuri, wakaange kavu kwanza.

Mwana Kigoma

Dagaa wa Mwanza ni mchanga, tuheshimiane. Dagaa wa Kigoma unamweka kwenye sanduku anakaa na mashati na hanuki.

Ngosha wa Hamburg

Hanuki? Ndege nzima ilinisusa kwa ajili ya dagaa wako wa Kigoma.

Mwana Kigoma

Ulinunua Kariakoo, wale si wa Kigoma. Wanawaandika tu.

Karani Mstaafu

Mwana Kigoma anasema kweli kuhusu Kariakoo.

Kilo za Ijumaa

Wadau, natoka Dar Ijumaa hii nashukia Heathrow, nina kilo nane zimebaki. Nabeba nguo, viungo, nyaraka. Mzigo nafungua nauona mwenyewe. Dagaa sibebi wa Mwanza wala wa Kigoma, msinibembeleze. Mkabidhiano ni mkono kwa mkono, stesheni ya Coventry napita Jumamosi.

Fitina Kavu

Utaweka kwenye pipa lipi?

Mmatumbi wa Coventry

Kilo za Ijumaa, ubuyu nao unahesabu ni viungo? Mama yuko Mbagala, anaweza kukuletea popote utakaposema. Bei ya kilo shilingi ngapi?

Kilo za Ijumaa

Njoo chemba.