Kikundi cha Parsele (kiwanja chetu): Aniversere ya Gloria 🍬

Tantine Rehema, 18:02
Jambo yenu wote. Gloria anafikisha miaka 5 siku ya posho (Jumamosi). Kila kitu kitakuwa cha bombo (peremende): mapambo, gato (keki), zawadi. Nyumba 6, kila nyumba dola 5, ni dola 30 na hatupiti hapo. Nani ameshatuma?

Tantine Rehema, 18:40
Naona mumesoma.

Esther, 18:52
Tantine, mimi nafanya bombo kubwa za mapambo, kwa balo (maputo) na celofane.

Tantine Rehema, 18:55
Vizuri. Balo 12. Usizijaze kabisa, acha nafasi ya robo. Kata celofane sentimita 70 kwa 90, zungushia balo, finya ncha mbili, funga na uzi, halafu zipanue zile ncha. Ukijaza sana, mchana mabati yakishika joto hewa inatanuka na balo inapasuka humo humo ndani. Pulizeni asubuhi ya siku yenyewe.

Tonton Safari, 19:03
Kupuliza niachieni mimi, nina kifua.

Ya Didier, 19:04
Kifua gani? Ngazi za Kadutu unakaa mara tatu 😂

Tonton Safari, 19:04
😂😂 Ni kusalimia watu

Tantine Rehema, 19:06
Dola 5, Safari. Na wewe Didier.

Mama Gloria, 19:30
Nilikuwa jikoni. Da Rehema, ile gato ya mwaka jana ilipanda, halafu ikaanguka katikati. Tunafanya nini?

Tantine Rehema, 19:36
Bukavu iko juu, karibu mita 1,500. Hewa ya huku ni nyepesi, gato inapanda mbio kabla haijashika, ndiyo maana inaanguka. Kwa unga gramu 500 usimwage sashe yote ya levire ya kupandisha gato, ile ya gramu 11. Weka robo tatu. Sukari 350, margarini 250, mayai 6, maziwa robo lita. Makala (makaa) mengi juu ya kifuniko, machache chini. Usifunue kabla ya dakika 30! Bombo za juu zibandikwe saa ya mwisho. Zikilala kwenye krimu zinavuta maji, rangi inachuruzika, asubuhi unakuta mistari myekundu kila mahali.

Mama Gloria, 19:41
Sawa. Nitahitaji sufuria kubwa.

Mama Neema, 19:43
Ipi? Ile ya komunio?

Mama Gloria, 19:44
Mama Neema, hiyo maneno ilishaisha.

Mama Neema, 19:46
Iliisha kwenu. Mimi nilirudishiwa kifuniko.

Tantine Rehema, 19:47
Tafadhali. Sufuria tutaiongea kando.

Esther, 19:58
Bombo zenyewe tununue ao tupike?

Tantine Rehema, 20:05
Tupike, inapunguza gharama. Sukari nusu kilo, maji mililita 150, kijiko cha ndimu ili sukari isirudi chembechembe. Ikianza kuchemka usikoroge tena. Dondosha tone kwenye maji baridi: likivutika bado, likivunjika kwa mlio imeiva. Hapo moto umepita nyuzi 140 na sukari inang'ang'ania ngozi, mtoto asikaribie. Zikipoa zifunge mara moja kwa karatasi, mvua hii itazifanya zinate. Zitatoka kama 60, pakiti 15 za bombo 4. Majina 15 nimeshaandika. Wa parsele ya jirani hapana.

Koko, 20:31
Rehema. Batoto ya jirani banasikia nyimbo, na gato inanukia mpaka kwao. Mtoto akifika kwa mlango, anaingia. Na wale hawajafika miaka 4, usibapatie bombo ngumu, inaziba koo. Na balo ikipasuka, vipande biokotwe mara moja.

Tantine Rehema, 20:49
Sawa Koko.

Mama Neema, 20:50
Asanti Koko 🙏

Tantine Rehema, 20:58
Basi pakiti 25, bombo 2 na mandazi madogo 2. Wadogo mandazi tu. Unga uongezwe kilo 1 na mafuta. Mpaka sasa niko na dola 10. Nani anatoa makala? Esther, kesho ulizia celofane soko ya Nyawera, ukikosa panda ya Kadutu.

Tonton Safari, 21:20
Mimi nitaleta viti.

Tantine Rehema, 21:21
Viti viko. Makala?

Papa Gloria, 22:17
Ndiyo ninaona sasa. Ni posho hii ao ile ingine?